Nguruwe haji na meza

Asubuhi ile Bibi Moja aliamka na hasira, akanawa nazo uso, akanywa nazo chai, na ilipofika saa mbili akatoka nazo kwenda ofisi ya ushirika. Hazikuwa hasira za kuokota njiani. Alizilea mwenyewe miaka kumi na tisa, tangu nguruwe dume alipompasua mumewe paja pembeni mwa mahindi ya ushirika, naye akavuja damu mpaka akaisha kabla mkokoteni haujafika.

Mumewe alikuwa mlinzi wa mashamba. Alipokwisha kuzikwa, ushirika ukauliza nani atashika bunduki. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mjane akasema, "Leteni." Wakadhani ni uchungu unaosema, utapoa. Msimu wa kwanza walimpa risasi kumi. Akarudisha sita, na mikia minne ya nguruwe imefungwa kwa kamba ya katani. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi likapotea. Akawa Bibi Moja, kwa sababu ya pili haipigi. "Ya pili ni ya kumwonyesha nguruwe ulipo," alikuwa akisema.

Mumewe alipata ile moja siku ile, na ilikwenda juu. Bibi Moja alijua kwa nini, na aliyasema palepale makaburini watu wakiwa bado na udongo mikononi: risasi zilinunuliwa na mtunza ghala, zikalala kwenye unyevu, zikaharibika. Mtunza ghala alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Bibi Moja hajamsalimu tena mpaka leo. Akimwona upande huu wa barabara, huvuka ng'ambo, hata kama ng'ambo kuna tope.

Na ushahidi alikuwa nao. Kila masika risasi za ushirika zilikwenda juu. Ikambidi ajifunze kulenga chini kwa upana wa vidole viwili. Kiangazi analenga sawasawa, masika vidole viwili chini. Baadaye ghala likajengwa upya, likawekwa sakafu ya saruji na bati jipya, na risasi zikaendelea kwenda juu. Bibi Moja akaendelea kumlaumu yuleyule.

Sasa bega lilikuwa limechoka na jicho la kulia limeingia ukungu. Mwezi ujao bunduki ingeshikwa na binti yake, kitinda mimba, seremala wa milango, mama wa watoto wawili. Ile bunduki ya zamani komeo lake, lile unalolivuta nyuma na kulisukuma mbele ili risasi iingie, lilikuwa limelegea kama jino la mtoto. Ushirika ukaamua kununua nyingine, fupi, kwa maana ndefu hunasa kwenye mahindi. Wakaamua hayo kikaoni. Yeye hawakumwita.

"Shikamoo, bibi," alisema katibu alipomwona mlangoni. Alikuwa kijana wa miwani, mwenye kalamu mbili mfukoni. Na alikuwa mtoto wa yule mtunza ghala, jambo ambalo Bibi Moja hakumsamehe ingawa kijana hakulichagua mwenyewe.

"Marahaba. Nani aliwaambia mchague?"

"Hatujachagua, bibi. Tunalinganisha."

"Mnalinganisha nini, rangi?"

Mezani, juu ya gunia lililokunjwa vizuri, zililala bunduki mbili fupi za komeo. Moja ilikuwa nyeusi tupu, mwili wake wa plastiki, imefungwa darubini. Ya pili mwili wake ulikuwa wa mti mwekundu wenye mishipa, umepakwa mafuta, nayo ina darubini yake. Muuza bunduki, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, alikuwa ameleta zote mbili, na bei ya ile nyeusi ilikuwa nusu ya bei ya mwenzake.

Bibi Moja hakuitazama ile nyeusi. Aliinua ya mti, akaiweka begani, akanusa mafuta yake. Ilifanana na ya marehemu mumewe kama ndugu wa tumbo moja.

"Hii," akasema.

"Hata haijapigwa, bibi."

"Mti ni mti. Ile nyingine ni ndoo yenye tundu."

Muuza bunduki akacheka. Bibi Moja akamkata jicho, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Bibi," alisema katibu taratibu, "ushirika hauwezi kulipa mara mbili kwa sababu ya harufu."

"Na binti yangu hawezi kufa kwa sababu ya nusu bei. Fungua daftari lako la sheria. Kuna mstari niliuweka mimi. Usome."

Katibu hakuhitaji kufungua. Mstari ule aliujua: bunduki ya mlinzi isinunuliwe mpaka mlinzi anayetoka aikubali kwa mkono wake. Bibi Moja aliukomalia mwaka ule wa msiba mpaka wakauandika, akaukagua herufi kwa herufi, kidole kikitembea chini ya maneno, akawarudisha kwa herufi moja waliyoisahau.

Basi wakaenda kuzipima kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nyuma ya ghala. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imepumzika na madimbwi yalikuwa yamejaa maji ya kijivu. Binti alikuwa ameshafika, bado amevaa aproni ya kazi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mama, umeshagombana?"

"Bado. Nimesalimia tu."

Muuza bunduki alipanga meza, akaweka vifuko viwili vya mchanga, akalaza ile nyeusi juu yake kama anayelaza mtoto. Hatua mia moja mbele, karatasi yenye doa jeusi ilikuwa imebanwa kwenye ubao. Alipiga tatu. Wakaenda kutazama: matundu matatu yamekaa katikati, yamekaribiana, kiberiti kinayafunika yote. Akalaza ya mti, akapiga tatu kutoka boksi lilelile. Matundu yalipanda kwenda juu, moja juu ya jingine, kama vipandio vya ngazi. Kiganja kizima hakikuyafunika.

"Basi," alisema katibu. "Sahihi zaidi, na bei nusu. Tumemaliza."

"Mikono yake inatetemeka," alisema Bibi Moja.

"Mimi, mama?" alisema muuza bunduki.

"Wewe. Na hiyo meza ni ya nini? Nguruwe wenu anakuja na meza? Anakaa anasubiri mpige tatu, mtutu upate moto, mchague nzuri? Mlinzi anaegemea nguzo ya uzio, mkono umebana, moyo unadunda, na mtutu una baridi kama pua ya mbwa. Anapata moja. Zipozeni. Halafu apige mwenye kazi."

Wakazisubiri zipoe. Ilichukua nusu saa, na kwa nusu saa hiyo Bibi Moja alikaa juu ya jiwe amewapa mgongo. Muuza bunduki alijaribu kuzungumzia hali ya hewa, akajibiwa na chura wa dimbwini.

Binti alifunga aproni vizuri, akaishika ile nyeusi, akaegemea nguzo kama alivyofundishwa na mama yake tangu ana miaka kumi na miwili: mkono wa kushoto umebana bunduki na nguzo pamoja. Akapiga moja.

Tundu lilikuwa kushoto, kiganja kizima nje ya doa.

Bibi Moja alisimama. Kama si goti, angeruka. "Mmeona ndoo yenu? Katibu, umeona? Hapo nguruwe kashafika. Hapo watoto wawili wa huyu binti wameshakuwa wangu. Mimi nilee tena, na miaka hii? Mnanunua jeneza kwa nusu bei mnajisifu."

Hasira zilikuwa zimempendeza siku hiyo. Alizivaa kama kanga mpya. "Mpe ya mti," aliamuru.

Binti aliegemea nguzo ileile, akabana vilevile, akapiga moja.

Walitembea hatua mia. Walitafuta tundu kwenye doa, hawakuliona. Katibu ndiye aliyeinua kidole. Lilikuwa juu, kiganja na nusu juu ya doa, karibu litoke kwenye karatasi.

"Risasi," alisema Bibi Moja papo hapo. "Risasi zimeingiwa na unyevu."

"Boksi moja, mama," alisema binti. "Nimelifungua mimi. Zilezile zilizokaa ndani ya kiberiti."

"Basi umetikisa."

Binti alirudi mezani, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa ukanda wa karatasi, mwembamba, umechakaa pembeni. Ndiyo kazi yake kila masika: mlango ukivimba, watu humwita, naye huupitisha ukanda kati ya mlango na fremu, unapokwama ndipo anapopara mbao iliyozidi. Aliuingiza ukanda kati ya mtutu wa ile nyeusi na plastiki iliyo chini yake. Ukateleza vizuri mpaka nyuma. Kisha akaibana bunduki kwenye nguzo, akavuta tena. Ukakwama.

"Hii inakaba mtutu ukiibana," alisema. "Plastiki yake laini, inapinda na kuusukuma pembeni."

Akachukua ya mti. Ukanda haukuingia hata ukucha. Mti ulikuwa umevimba, umeukumbatia mtutu.

"Na hii inakaba hata ikilala. Ilikaa wapi masika haya?"

Muuza bunduki alikuna shingo. "Dukani. Ukuta wa nyuma unavuja kidogo."

"Umesomea wapi bunduki wewe?" Bibi Moja alimuuliza bintiye, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka.

"Sijasomea, mama. Milango imenifundisha. Mti unakunywa maji. Masika unavimba, unausukuma mtutu juu. Kiangazi unanywea, mtutu unarudi mahali pake."

Hayo tu. Binti aliyasema akiwa anapangusa ukanda wake, hata hakumtazama mama. Lakini Bibi Moja aliyasikia yakishuka ndani yake moja baada ya jingine, kama risasi zinavyoshuka kwenye kasha. Masika juu. Kiangazi sawasawa. Vidole viwili chini. Ghala jipya, sakafu ya saruji, na bado juu. Miaka kumi na tisa mikono yake ilikuwa inajua, mdomo unasema vingine. Siku alipokufa mzee ilikuwa siku ya tatu ya mvua, na bunduki usiku kucha ilisimama kwenye kona ya jikoni, chini ya bati linalovuja. Na aliyeisimamisha pale ni nani? Mzee alirudi amelowa, akaingia kubadili nguo. Ni yeye aliyeipokea. Ni yeye aliyeiweka.

Hasira zilitafuta mtu wa kumshika, kama kawaida yake. Zilimkuta katibu karibu.

"Unanitazama nini?"

Katibu alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Bibi, baba alizipima zile risasi baada ya msiba. Alipiga tano, machimbo haya haya, kwa bunduki aliyoazima. Zilikuwa nzima. Hakukwambia kwa sababu ulikuwa unavuka barabara."

"Sikukuuliza habari za baba yako."

"Hukuniuliza."

Bibi Moja alikwenda kukaa juu ya jiwe lake. Safari hii aliwatazama, na ilikuwa vibaya zaidi. Binti alimfuata, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, sikiliza. Ile nyeusi nitaipara ndani leo, msasa na fimbo ya fagio. Ikishaacha nafasi, imeacha. Haijui mvua wala jua. Hii ya mti nikiipara leo, masika mengine inavimba, naipara tena, na kila mwaka nitakuwa nalenga kwa kubahatisha. Ni nzuri, mama. Lakini ni mimi nitakayesimama kwenye uzio."

"Ukiipara siipokei tena," alisema muuza bunduki.

"Nani amekwambia utarudishiwa?" alisema Bibi Moja. "Usiingilie mazungumzo ya watu na mama yao."

Jioni ile alikaa jikoni akimtazama bintiye akipara. Alikosoa kila kitu: msasa mbovu, fimbo nene, umekwenda ndani sana, hujaenda ndani. Unga mweusi wa plastiki ulianguka juu ya gazeti. Kila baada ya muda binti aliibana bunduki kwenye mguu wa meza na kupitisha ukanda. Ulikwama, ukakwama, kisha ukapita. Bibi Moja akaunyakua, akabana mwenyewe kwa nguvu zote za bega lake bovu, akaupitisha mara tatu. Ulipita mara tatu. Hakusifu. Alisema, "Chai imepoa," akaenda kuipasha.

Kesho yake mvua ilirudi. Walikwenda machimboni hivyo hivyo, yeye, binti na katibu, wamejifunika maturubai. Bunduki ilikuwa imelala nje barazani kwa amri ya Bibi Moja, imelowa, mtutu una baridi. Binti aliegemea nguzo, akabana, akapiga moja.

Tundu lilikuwa ndani ya doa. Katibu aliweka kiberiti juu yake. Doa na tundu vikapotea pamoja.

"Apige nyingine?" aliuliza.

"Ya nini?"

Katibu alimpa daftari. Bibi Moja aliandika jina lake, lile la wazazi, herufi kubwa moja moja, maji ya mvua yakimdondokea kwenye wino, naye akiyatukana. Alipomaliza hakulirudisha daftari. Alilishika.

"Baba yako anatoka nyumbani saa ngapi?"

"Hatoki siku hizi, bibi. Miguu."

"Hmm." Alitazama ubao, uso wake bado umekunjwa kama ngumi. "Mwambie leo nitapita. Asinisubiri na maneno, sitaki maneno ya mtu. Aweke kiti tu."

Akampa daftari lake, akashika njia ya upande ule wa barabara aliokuwa akiukwepa, wa kwa mtunza ghala.