Milimita Mbili na Nusu

Mwaka tulioingiza programu mpya ya kuchorea nilikuwa na miaka minne katika karakana ya mabati hapa Tanga, na katika miaka hiyo hakuna mchoro wangu hata mmoja uliorudi kwamba una kosa. Nilijivunia jambo hilo. Nilipokwenda likizo kwetu Maramba nililitaja mbele ya wajomba zangu, watu wa mashamba ya mkonge, nao walitikisa vichwa kwa heshima bila kujua hasa ninachochora ni nini.

Tulichokuwa tunatengeneza ni vitu vya kawaida: matangi, meza za stenlesi za jikoni, vifuniko vya kuvutia moshi kwenye matanuri ya mikate. Utaratibu ulikuwa mmoja. Mimi nachora kitu kwenye karatasi, kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, naandika vipimo, nampa fundi bati. Yeye anapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na chaki yake, anakichora kitu hicho kikiwa kimefunguliwa, kimelala bapa. Akimaliza anahamishia mistari kwenye bati, linakatwa, linakwenda kwenye mashine ya kukunjia. Kitu kinasimama. Fundi huyo alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, mtu wa pwani ya Mkinga, mwenye maneno machache na kofia ambayo haikupata doa la grisi hata siku moja. Sikuwahi kujua aliwezaje.

Programu mpya ilibadilisha mpangilio huo. Ndani yake huchori mistari, unajenga kitu kizima. Unakigeuza, unachungulia chini yake, unaondoa ubavu mmoja uone ndani. Kisha unabonyeza mara moja na kitu chote kinajifungua na kulala bapa, kama boksi la biskuti lililokunjuliwa, na vipimo vyake vikiwa tayari. Nilijifunza kwa wiki tatu, nikitazama video wakati wa chakula cha mchana. Siku niliyowaonyesha wenzangu nilitumia koleo la kuzolea taka. Walijazana mlangoni.

"Ikunje tena, Injinia," alisema mchomeleaji wetu, mwanamume mwenye sauti kubwa na utani usioisha. "Ifungue. Ikunje. Ee bwana we! Fundi, njoo umuone mke mwenza wako!"

Watu walicheka. Fundi alitazama kupitia bega langu, akasema, "Inapendeza," akaenda kutawadha.

Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye karakana, alikuja kwenye chai siku ile ile akasema mbele ya wote kile ambacho kila mtu alikuwa anakiwaza. Tulikuwa tumepata kazi ya kikundi cha akina mama wanunuzi wa samaki wa Moa. Walitaka masanduku arobaini ya barafu ya kufungwa nyuma ya bodaboda. Ganda la nje lilikuwa la faiba na lilikuwa limeshatengenezwa kwingine, likiwa na matundu ya skrubu kwenye ukingo. Sisi tulitakiwa kutengeneza sanduku la ndani la stenlesi, lenye midomo inayolala juu ya ukingo ule, matundu yakutane.

"Hii kazi itachorwa kwa kompyuta," Tajiri alisema. "Ikitoka sawa, mambo ya chaki yamekwisha. Fundi, usinielewe vibaya. Umri nao umekwenda, magoti yanauma. Mwisho wa kazi hii tutaagana vizuri."

Fundi alikunywa chai yake. "Inshallah, tajiri," akasema.

Nilimwangalia nikaona anakung'uta makombo ya andazi kwenye paja, moja moja. Nyumbani alikuwa na binti aliyekuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Nilijua hilo kwa sababu mwezi mmoja nyuma alikuwa ameniuliza vitabu vyangu vya hesabu vya sekondari nilivipeleka wapi, binti anavihitaji.

Nilijenga sanduku kwenye programu, nikalifungua, nikachapisha mchoro wake bapa. Nilimpa mkononi nikamwambia, "Fundi, vipimo hivi vimekamilika. Usiguse kitu."

"Sawa, Injinia."

Tulianza na masanduku sita. Yalikunjwa, yakachomelewa pembeni, yakapigwa msasa yakang'aa. Tajiri mwenyewe alilishika la kwanza akalitumbukiza kwenye ganda la faiba. Lilizama, likacheza. Ukiligusa linagonga huku na huku. Midomo ililala juu ya ukingo, lakini matundu hayakukutana. Ukichungulia uliona nusu tundu, kama mwezi mwandamo, na nusu nyingine faiba tupu. La pili vile vile. Yote sita.

"Kompyuta imekula bati!" mchomeleaji akapiga kelele. Halafu akaona uso wa Tajiri, akashusha sauti, lakini hakuweza kujizuia: "Au Fundi amejitetea."

Hakuna aliyecheka. Lile neno lilibaki pale katikati ya karakana. Kila mtu alijua nani angefaidika kompyuta ikishindwa.

Tajiri aliniita ofisini. "Nataka ukurasa mmoja. Kosa la nani. Kama ni programu, nairudisha. Kama ni yeye, kesho asije."

Nina tabia ya kufuata jambo hatua kwa hatua. Nilipima sanduku kwenye programu: sawa. Nikapima mchoro uliochapishwa, huenda mashine ya kuchapisha imeupunguza: sawa. Upana wa bati likiwa bapa ulitakiwa uwe milimita elfu moja na hamsini. Bado tulikuwa na mabati mawili yaliyokatwa na hayajakunjwa. Nikalaza futi juu ya la kwanza. Elfu moja na arobaini. Nikapima la pili. Elfu moja na arobaini.

Milimita kumi zilikuwa zimeondolewa kwa makusudi, na si kwenye kingo tu. Mistari ya kukunjia nayo ilisogezwa kwa utaratibu. Mkono uliofanya hivyo ulikuwa unajua unachofanya. Ukurasa wa Tajiri ulikuwa umeshajiandika.

Nilimkuta Fundi nyuma ya stoo, anafuta kisu chake cha kuchoria. Nilisahau hata shikamoo.

"Fundi, bati umelipunguza."

"Nimelipunguza, ndiyo."

Alijibu upesi, bila kuficha. "Nilikwambia usiguse kitu."

"Maneno hayo umeniambia tangu siku ya kwanza uliyokuja hapa," alisema. "Vipimo vimekamilika, Fundi, usiguse. Nami nagusa."

"Unagusa nini?"

Aliangalia kulia na kushoto kama mtu anayetaka kutoa siri ya nyumba ya jirani. "Mwanangu, bati likikunjwa linavutika. Kila kona inakupa kidogo. Hili la unene huu, kwa mashine yetu ile kuukuu, linakupa milimita mbili na nusu. Mtu akijumlisha chini, mbavu na midomo akakata vile vile, kitu kinatoka kikubwa. Wewe unajumlisha vile vile. Siku zote. Sanduku lina kona nne kwa upande huu, nimetoa kumi. Kama kawaida."

Chuoni nilifundishwa habari ya bati kuvutika kwenye mkunjo, tena kwa fomula yake. Nilipofika kazini nikaandika vipimo bila kuitumia, mara ya kwanza kwa kusahau, na vitu vikatoka sawa. Nikahitimisha kwamba kwenye kazi halisi fomula ile haina maana. Miaka minne. Kila meza, kila tangi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele za watu?" Alishangaa kweli. "Binti wa watu, umetoka chuo, wanaume wote wale wanakutazama. Nikwambie umekosea? Mtu anasitiriwa. Yule injinia kabla yako nilimsitiri pia. Na yeye mpaka anaondoka hajui."

"Lakini safari hii, Fundi, programu ilikuwa imeshatoa."

"Imetoa nini?"

"Hizo milimita. Inajua bati linavutika. Ilizitoa yenyewe kabla sijachapisha."

Aliketi taratibu kwenye pipa tupu, na kwa mara ya kwanza nilimwona kavua kofia. "Kwa hiyo zimetolewa mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

"Na mimi nilidhani nakuokoa."

Ule ukurasa niliuandika mara tatu. Mara ya kwanza niliweka yaliyotokea siku ile tu: fundi alibadilisha vipimo bila ruhusa. Ulikuwa ukweli, na ungemfukuza. Mara ya pili niliandika kwamba kulikuwa na kutoelewana, neno ambalo halimwambii mtu chochote. Ya tatu niliandika yote, pamoja na miaka minne yangu. Niliandika kwamba mchoro wangu wowote uliofanikiwa ulikuwa umerekebishwa sakafuni na mtu mwingine. Mkono ulikuwa mzito kama nasaini talaka yangu.

Tajiri aliusoma amesimama. Aliurudia. "Michoro yote?"

"Yote niliyoiangalia, tajiri. Nimepima hata meza ile tunayonywea chai, niliyoichora mimi."

Alitoka hadi kwenye ngazi akaita chini kwa sauti: "Fundi! Meza ya chai, uliitoa ngapi?"

"Tano," sauti ikajibu kutoka chini. "Ina kona mbili."

Tajiri alirudi ndani, akaketi, akapangusa uso kwa kiganja. Sikujua kama anataka kucheka au kunifukuza. "Mmenifanyia maigizo miaka minne," alisema. "Haya. Sita yale ni hasara. Thelathini na manne yaliyobaki nayataka sawa. Fanyeni wawili. Asiyeweza kufanya na mwenzake, huyo ndiye ataondoka."

Siku mbili tulizokaa pamoja baada ya hapo zilinifundisha programu ile zaidi kuliko video zote. Tulikata vipande vidogo vya kila unene tulio nao, tukavikunja kwenye mashine yetu, tukavipima kabla na baada. Programu ilikuja na makadirio yake ya jinsi bati linavyovutika, makadirio ya mashine mpya ambayo meno yake ya kukunjia hayajalika. Yetu imelika. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo, na kwa stenlesi nyembamba namba ya kichwani mwa Fundi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na vipande vyetu. Tukaingiza namba zetu. Yeye alisoma kipimo, mimi nikaandika.

Halafu akaniomba nilikunje sanduku kwenye skrini polepole, kona moja baada ya nyingine. Akainua kidole. "Simama. Hapo halitoki."

"Halitoki wapi?"

"Kwenye mashine. Ukishakunja ubavu huu kwanza, mdomo utagonga boriti ya juu. Hiyo kompyuta inakunja hewani, haina boriti. Anza na midomo."

Alikuwa sahihi, na hakuna fomula ya chuoni ambayo ingeniambia.

Sanduku la kwanza la mkupuo mpya lilishuka kwenye ganda na likakaa kimya. Skrubu nane ziliingia kwa mkono. Mchomeleaji alilitikisa, akalitikisa tena akitafuta pa kusemea, akakosa. "Basi," alisema, "mke mkubwa na mke mdogo wamepatana."

Hapakuwa na kuagana mwisho wa kazi ile. Meza ya kompyuta iliteremshwa kutoka ofisini ikawekwa karibu na mashine ya kukunjia, ikafunikwa nailoni kwa ajili ya vumbi, na Fundi akapewa kiti. Kwa wiki kadhaa aliendelea na tabia yake: akiona kosa ananisogelea, ananong'ona, au anasubiri nitoke aliweke sawa kwa penseli kimyakimya. Nilimwomba aache. Nilimwambia safari hii kusitiriana kutatumaliza. Alijibu kwamba ulimi wake haujazoea.

Ilikuwa asubuhi, karakana imejaa, wateja wawili wamesimama mlangoni, nami niko ng'ambo ya chumba napokea mabati. Nilisikia sauti yake ikipanda juu ya kelele za grinda.

"Injinia! Hapa umekosea!"

Vichwa vyote viligeuka. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, kidole kikiwa kwenye skrini, ameshtuka mwenyewe kuliko sisi sote. Niliweka mabati chini nikaenda kuangalia. Nilikuwa nimekosea kweli.