Rangi ya Dada Mkubwa

Wateja walimwita Bi Kadi, naye aliitika. Jina lilitokana na kadi ya kupimia rangi, kipande cha plastiki cha kijivu, upana wa kiganja, kilichoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Kabla ya kupiga picha alimpa mtu akishike chini ya kidevu, akakielekezea kamera, kisha akakirudisha kifuani. Bwana harusi mmoja aliwahi kumuuliza kama anapigwa picha ya harusi au ya mahabusu.

"Tulia, baba," Bi Kadi akamjibu. "Nataka mkeo akutambue hata mkizeeka."

Ukimuuliza sababu, hakukuchosha kwa somo. Jicho la mtu, alisema, lina huruma. Likiingia chumba chenye balbu ya manjano husamehe, na shati jeupe likabaki jeupe. Kamera haina huruma hiyo. Lazima uionyeshe kitu kisicho na rangi yake chenyewe, uiambie, "Hiki ndicho kijivu," ndipo iyapime mengine kwa haki. Alikuwa amejaribu mengi: kifuniko cheupe cha kuvika lenzi, kilichomtii juani na kumsumbua ndani ya nyumba, kadi ya bei rahisi iliyoanza kuwa ya waridi kabla hajaizoea, na ubao wenye viraka vya rangi nyingi, ambao aliuacha studio kwa kazi za vitambaa, maana watoto waliulilia wakidhani ni peremende. Cha kutembea nacho kilikuwa hiki cha kijivu. Kilioshwa kwa sabuni, kikakauka, kikarudi kusema kweli.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukishika: dada yake mkubwa, ambaye waliachiana ziwa.

Dada alikuwa dobi, na hoteli zilimgombania kwa weupe wa mashuka yake. Yeye mwenyewe alikuwa mweusi wa kupendeza, weusi wenye wekundu kwa ndani, kama mbegu ya ukwaju. Lakini wapiga picha hawakuwahi kuuona wekundu ule. Shuleni walimtoa masizi, meno yakielea. Siku ya harusi yake mpiga picha alizidisha taa hadi uso ukawa jivu, na shangazi mmoja akauliza bibi harusi ni yupi. Dada aliicheka picha ile mbele za watu, akaifungia chini ya sanduku. Tangu hapo, akisikia kamera tu, hukumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Ndiyo maana ukutani kwa mama yao walikuwapo watoto wote isipokuwa wa kwanza.

Sasa macho ya mama yalikuwa yanaingia ukungu, na daktari hakuwa na ahadi ya kumpa.

"Nataka nimwone na huyu ukutani," mama alisema, "wakati ukuta wenyewe bado nauona."

Dada alikubali kwa shingo upande. "Moja tu. Ikinigeuza jivu, msinitajie tena picha mpaka nife."

Asubuhi ya siku yenyewe alimpigia simu mdogo wake. "Na usije kwa mama na kile kibao shingoni kama ng'ombe wa mnada. Vaa kama mtu."

Bi Kadi alicheka, akakivua, akavaa shanga. Kadi ikabaki kitandani.

Hakugundua kuwa ameisahau mpaka alipokwisha kukiandaa chumba kwa mama. Alikuwa ameshusha pazia la rangi ya chungwa, amezima taa ya dari, amesogeza kiti karibu na dirisha, mbali na ukuta wa kijani, kwa kuwa ukuta nao huambukiza uso rangi yake. Akapeleka mkono kifuani. Shanga.

"Nimekwisha," akasema.

"Si unatafuta kitu cheupe tu?" dada akauliza. "Weupe ndiyo kazi yangu." Akatoa kwenye kikapu foronya aliyomletea mama, nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka mikunjo ikanyooka kama rula.

Kitu kilimnong'oneza Bi Kadi akatae. Lakini katika maisha yao yote dada hakuwahi kuisaidia kamera, na uso wake ulikuwa umejaa fahari. Akapima kwa foronya. Akapiga.

Kwenye kioo cha kamera dada alikuwa wa manjano, kama mgonjwa wa ini.

Dada aliinama, akaangalia. Hakupaza sauti. "Nilijua," akasema, akaanza kuvua hereni.

"Imetoka?" mama akauliza.

Bi Kadi aliichukua foronya, akaisogeza dirishani. "Dada, umeisuuza na nini?"

"Na bluu, kama siku zote. Bila bluu nguo ina weupe gani?"

"Basi ni hiyo. Nimeiambia kamera kwamba hii ni nyeupe tupu, kumbe ina bluu ndani. Ikakumwagia manjano ili kufidia."

"Kwa hiyo kosa ni la foronya yangu?"

"Ni langu. Nilijua nguo ya dobi haifai kupimia. Niliona haya kukukatalia."

Kichwa cha shemeji yao, mume wa dada, kikachomoza jikoni. Alikuwa fundi bomba, na tangu asubuhi alikuwa chini ya sinki la mama mkwe. "Jamani, ugomvi wa foronya nao umeanza lini?" Mkononi alishika roli ndogo ya utepe mweupe, ule laini ambao mafundi huzungushia nyuzi za bomba ili maji yasivuje.

Bi Kadi akaukodolea macho. Mwalimu wake wa chuoni aliwahi kuwaonyesha utepe kama ule: uzungushe tabaka juu ya tabaka, na weupe wake hauna bluu wala manjano.

"Shemeji, nipe huo."

"Wa bomba? Na maji yakivuja?"

"Yavuje," mama akasema kitini. "Sakafu ni yangu."

Bi Kadi akachukua kiberiti cha mama, akauzungushia utepe ule mpaka picha ya kiberiti ikapotea. Dada alikuwa bado amesimama, hereni moja sikioni, nyingine kiganjani.

"Nilisema moja. Umeshapiga."

"Ile ilikuwa ya foronya. Ya kwako bado."

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Dada alijizuia, akashindwa, akaketi. Akakipokea kiberiti na kukishika chini ya kidevu, kama wageni wote wa Bi Kadi walivyofanya miaka yote ile.

Picha ilipotoka, aliweka mgongo wa mkono wake kando ya kioo. Akaugeuza, akauweka tena. Wekundu ulikuwapo, pale pale unapokaa, chini ya weusi. Akautazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha acha kukidai.

Mama aliomba kamera, akaisogeza hadi puani. "Huyu ni mama yangu."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nasema rangi. Ile picha yake ya zamani haina rangi, na mimi nilikuwa nimeanza kuisahau."

Bi Kadi alijitia kushughulika na lenzi. Dada akarudisha hereni sikioni, akavuta kiti cha mama karibu na chake.

"Piga nyingine," akasema. "Mimi na yeye."

Jikoni maji yalianza kudondoka. Shemeji akauliza kama sasa anaweza kurudishiwa utepe wake.

"Subiri," dada akamjibu, akikiweka kiberiti chini ya kidevu cha mama. "Hatujamaliza."