Mlango wa Kati

Nakumbuka siku moja nilipita mlango usiokuwa wangu, mwanangu, na hadi leo nikifika kwenye mlango wowote nashusha pumzi kwanza.

Usidhani nilikuwa mtu hivihivi. Nilitua London na sanduku moja, nikafua mashuka ya hoteli huku nasoma, nikapata diploma ya umeme nikiwa wa kwanza darasani. Nyumba hii ya Tanga unayoiona kwenye picha, nyaya zake zote nimezipitisha kwa mikono yangu. Nakueleza ili ujue kiburi kilitoka wapi.

Pale Wembley nilifanya kazi na Min, fundi mwenzangu kutoka Korea. Likizo moja akanichukua kwao. Baba yake, mzee wa mkongojo, alikuwa amemngoja mwaka mzima waende pamoja kwenye hekalu la kale la mji wao, wanapoenziwa watu waliokufa vitani wakiulinda mji ule. Mmoja wao alikuwa wa ukoo wao.

Lango lile lina milango mitatu. Wao wakaelekea ule mdogo wa kulia. Mimi, kamera shingoni, nikapita wa kati, ulio mpana. Mzee akasimama. Hakupaza sauti, alisema maneno machache, Min akanifasiria huku akitazama chini.

"Baba anasema huo ni mlango wa wenye nyumba. Wamekufa, lakini hawajahama."

"Mwambie mzee mimi ni mtu wa diploma," nikatania. "Sijaona mwenye nyumba hapa."

Min hakucheka. Mzee akauliza kwetu mtu huingiaje nyumba ya mwenzake. Nikasema hupiga hodi, hata mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake.

"Na hapa umepiga ngapi?"

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, nikasahau. Nikatoka, nikazunguka hadi mlango wa kulia, nikasema hodi kwa sauti ya chini. Ndani mzee alifukiza ubani, akainama, kisha akanionyesha kibao cha wale ambao majina yao hayakujulikana. Nao huinamiwa vilevile.

Hapo nikamkumbuka babu, mzaa mama, aliyechukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Burma asirudi. Miaka tisa mama alikuwa akiniuliza kwenye simu, "Huko kwa Waingereza, umemtafuta baba yangu?" Nami kila mara nilimjibu niko kazini.

Jumapili ya kwanza niliporudi London nilipanda basi hadi kwenye mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi. Jina lake sikuliona. Nikapiga hodi hivyohivyo, wapita njia wakinikodolea macho, kisha nikampigia mama.

"Jina halipo, mama. Lakini nimepiga hodi."

Akauliza, "Mara ngapi?"

"Tatu."

"Rudi tena Jumapili. Nasikia baba alikuwa mzito wa kusikia."

Nilirudi, mwanangu, Jumapili baada ya Jumapili, hadi nilipoondoka Uingereza. Sasa uko huko wewe, na zamu ni yako. Soma, upate diploma kubwa kuliko yangu, ukiweza. Itakufungulia milango mingi, ila adabu ndiyo itakayokuambia upite upi. Na waliokufa bila jina, usingoje jina ndipo uwaheshimu.

Mungu akujalie, popote utakapopiga hodi, awepo wa kukuitikia karibu.