Ng'ombe wa Kuazima Walimnyima Mjukuu Wangu Chuo

Kosa ni langu. Msitafute mwingine.

Waliokuwepo siku ile nawataja wote, maana sijasahau hata mmoja. Alikuwepo Masanja, mwanangu wa kwanza, aliyekuwa ameachishwa kazi kiwandani Nyakato baada ya kiwanda kupata mmiliki mpya. Alikuwepo Minza, binti yake, ndiye mjukuu ninayemlilia hapa. Alikuwepo wifi yangu Nkwimba, dada wa marehemu mume wangu, mwenye mdomo. Alikuwepo jirani yetu Mzee Maduhu, mwenye ng'ombe. Na wageni wawili kutoka chuoni, Mwalimu Theodora na Bwana Ludoviko. Majina yao nayataja, langu nalificha. Huo nao ni uchafu wangu.

Minza alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi. Zamani serikali ilisomesha, mtoto anaondoka na sanduku lake tu. Miaka ile ya ruksa, soko huria lilipoingia, tukaambiwa mambo yamebadilika, kila mzazi achangie. Achangie nini? Mafao ya Masanja yalikuwa yameshaliwa. Na sisi huku Magu pamba yetu tulimpa mnunuzi binafsi, akaahidi malipo, akatokomea na lori lake.

Basi chuo kikasema kina mfuko wake. Minza akanieleza tukipepeta mpunga uani.

"Bibi, kuna mkopo na kuna ruzuku. Mkopo unaurudisha ukishapata kazi. Ruzuku hurudishi. Ila ruzuku ni ya wale ambao kwao hawana uwezo. Watakuja kutuangalia nyumbani."

Nikacheka!

"Umesoma mpaka akili imepinda? Nani anampa mtu asiye na kitu? Hata ng'ombe wa kufugiwa unampeleka kwenye zizi lenye ng'ombe wenzake. Kwa maskini ataliwa."

Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mgeni akija kuuliza habari za binti, haangalii binti, anaangalia zizi. Na zizi letu lilikuwa na ndama mmoja na mbuzi wenye upele. Ng'ombe tuliuza wakati mume wangu anaugua.

Asubuhi ya siku ya wageni nikaenda kwa Maduhu, nikamwomba ng'ombe mpaka jioni.

"Unaolewa tena, mayu?" akanicheka; mayu kwetu ni mama. "Huyo bwana haogopi?"

"Lete ng'ombe, acha maneno."

Akawaswaga mwenyewe, akabaki kula na wageni. Zizi likajaa mpaka milango inalia. Nikaazima na viti vya Nkwimba, na redio yake nikaiweka mezani ingawa haikuwa na betri. Masanja akanifuata jikoni.

"Mama, hawa si wakwe. Hawa wanatafuta wenye shida."

"Nyamaza! Wewe kuachishwa kazi hakujatosha, unataka na mimi wanione uchi?"

Akatoka. Mwanaume mzima mwenye ndevu, nikamzima kama kibatari.

Wageni wakala wali na kuku mmoja niliyemchinja. Bwana Ludoviko akalizunguka zizi, akasema, "Mh! Hapa pana mali." Mimi moyoni nacheza ngoma! Ndipo Mwalimu Theodora akanigeukia, akasema taratibu, kwa Kiswahili chepesi kabisa:

"Mama, nisikilize vizuri. Sisi hatutafuti familia nzuri. Tunapima uhitaji. Kwao mtoto wakiwa na mali, tunawaambia wauze walipe. Wakiwa hawana, mfuko unalipa. Sasa niambie, hawa ng'ombe ni wenu?"

Wasomaji, hapa ndipo pa kunitemea mate.

Ukoo wote mpaka leo husema, "Bibi wa watu hakuelewa, shule yake ya ngumbaru, kisomo cha watu wazima, maneno ya chuo yalimzidi." Uongo! Nilielewa. Nilielewa kama mnavyoelewa ninyi. Ilibaki kufungua mdomo tu niseme: si wetu, ni wa Maduhu, huyu hapa.

Lakini Nkwimba alikuwa amekaa palepale, ananitazama huku anachokonoa meno. Tangu nilipoolewa ananisema kwamba nilikuja na khanga moja. Nikaona nikifungua mdomo, kesho kisimani watacheka wote. Kisimani! Eti hicho ndicho nilichokiogopa!

"Ni wetu," nikasema.

Mwalimu akamgeukia Minza. "Kweli, binti?"

Minza akanitazama. Kwetu mtoto hamkanushi bibi yake mbele ya wageni. Nilijua hilo. Nililitegemea!

"Ni wa bibi," akasema, akainamisha uso.

Pwe! Nikikumbuka najisikia kama nimelamba kinyesi. Mtoto alijifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo niliushika mimi.

Jibu likaja: familia ina uwezo, ichangie yenyewe. Kama haiwezi kulipa kwa mara moja, binti aombe mkopo, alete mdhamini mwenye mali. Nikakimbia kwa Maduhu.

"Mdhamini ni mtu wa kulipa wewe ukishindwa, mayu," akasema. "Ng'ombe nilikuazima. Shingo yangu siiazimi. Halafu una shida gani wewe? Wageni si wameliona zizi lako?"

Waliokuwa wakinywa pombe kwake wakacheka mpaka wakapaliwa. Nilistahili.

Nafasi ikapita. Minza akaenda mjini, akapata kibarua cha kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na miba, viwanda vikishachukua minofu yao. Nikamfuata Kiseke alikopanga. Harufu ilinipokea kabla yake. Nzi, mafuta meusi, mikono imebabuka. Mikono ya muuguzi ile!

"Shikamoo, bibi," akasema, akaificha nyuma.

Nikaenda nyuma ya banda, nikatapika. Akaniletea maji, akidhani ni samaki. Haikuwa harufu ya samaki. Nilijinusa mwenyewe.

Nikamwambia hapohapo. "Minza, nilielewa. Mwalimu alipoeleza, nilielewa."

Akageuza mapanki kwanza yasiungue.

"Najua, bibi. Ulimtazama Bibi Nkwimba, halafu ukanitazama mimi. Nikaona umemchagua yeye."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata nafuu. Akanifungia samaki wawili kwenye gazeti nipeleke nyumbani, akaniambia nikanyage kwa uangalifu, njia inateleza.

Wazee wenzangu, mtoto akikutajia ruzuku, usicheke. Uliza inapewa nani. Akitaja mkopo, uliza utarudishwaje, na nani atashika dhamana. Wakija watu wa chuo kupima uhitaji, fungua mlango waone mtungi mtupu na paa linalovuja, na huyo wifi yako mwache achokonoe meno yake! Kisimani watacheka wiki moja. Mimi Minza simwoni akicheka tena.

Na ninyi wajukuu, bibi akidanganya mbele ya watu, msemeni. Mimi ndiye ninayewaruhusu.

Nkwimba, Maduhu, Masanja, na ninyi walimu kama bado mpo: nimeandika kwa mkono wangu, na umri umekwenda. Labda kuku walikuwa wawili. Labda aliyeuliza kwanza habari za ng'ombe ni Bwana Ludoviko. Labda Nkwimba hakuwa akinicheka siku ile, ni mimi tu niliyeona hivyo. Nilipokosea, andikeni mnisahihishe. Ila pale niliposema nilielewa, pale msiguse.