Stika za Kioo cha Mbele

Nililizunguka gari lile mara nne kabla mwenyewe hajamaliza kutukaribisha. Ilikuwa pikapu nyeupe, imeegeshwa uwanjani kwake pale Mang'ula, imeoshwa mpaka matairi. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mchangamfu. Shemeji yangu, mjane wa kaka, alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Kijana, unanunua gari au unachumbia?" mwalimu akaniuliza.

"Shikamoo mwalimu. Naangalia tu."

"Marahaba. Angalia, lakini usilichoshe."

Shemeji akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipoanua matanga.

Tulitoka Ifakara asubuhi kwa ajili ya gari hilo. Kaka alikuwa akibeba mchele wa watu, na wakati wa mavuno alimfundisha mkewe kuendesha kwenye mashamba yaliyokwisha kukatwa. Sasa shemeji alitaka kuishika kazi ile mwenyewe, na mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Alinichukua mimi kwa sababu gari la kaka mimi ndiye niliyeliona kwanza na kusema linafaa. Hakujua kwamba ni hilo hasa lililokuwa likininyima raha.

Kwetu anayenunua gari husimama kwanza mbele ya kioo cha mbele, akahesabu stika za ukaguzi. Hakuna anayebandua za zamani. Zinapangwa pembeni mwaka hadi mwaka, na mtu huzisoma kama ripoti ya mtoto wa shule. La kaka nililisoma hivyo. Hakuna mwaka uliokuwa umeruka. Nikampigia simu nikamwambia, "Lina historia safi, chukua."

Kwenye kila stika palikuwa na namba ya gari iliyoandikwa kwa kalamu, ndogo, imefifia kwa jua. Sikuinama kuisoma. Karatasi za ukaguzi sikuziulizia. Muuzaji alikuwa anaongea vizuri, na mimi nilikuwa na njaa.

Kaka alifia kwenye gari lile karibu na Sanje, mteremko wa kuelekea darajani, akiwa na magunia ya mchele. Breki hazikushika. Nilipofika, kaka alikuwa ameshapelekwa hospitali kuhifadhiwa, na kioo cha mbele kilikuwa kwenye nyasi, kimechomoka, kimepasuka lakini bado kimeshikana. Nilichuchumaa kando yake. Ndivyo nilivyozisoma zile namba. Hazikuwa za gari letu, hata moja.

Fundi aliyekuja kulivuta alinieleza bila kuzunguka. Kioo kilitoka kwenye gari lililochinjwa ili liuzwe spea, kikafungwa kwenye hili pamoja na stika zake. Akanionyesha paipu za breki zilivyoliwa na kutu, na tope kavu ndani ya milango. Gari lililala kwenye mafuriko, akasema, na si kwa siku moja.

Sijui kama karatasi ingemwokoa kaka. Ninachojua ni kwamba sikuuliza. Nilibandua stika moja kwa ukucha, nikaiweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Msibani watu walisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikaitikia pamoja nao.

Tangu hapo situlii. Nikitoka misa ya kwanza napita kwenye magari yaliyoegeshwa nje ya kanisa nikisoma stika, mpaka mama mmoja aliniuliza kama nimepata kazi ya kukusanya ushuru.

Mwalimu alileta faili. Karatasi za ukaguzi zilikuwemo, zimepangwa vizuri, na mwandiko wake mwenyewe pembeni. Nilisoma namba kwenye karatasi, nikaenda mbele kuitazama kwenye kibao cha namba, nikarudi, nikaenda tena. Mwaka mmoja haukuwemo. Kwenye kioo nako nafasi yake ilikuwa wazi.

"Huu hauko, mwalimu."

"Mwaka ule lilikaa juu ya mawe. Nilikuwa naumwa mguu."

"Halikuingia maji?"

"Mafuriko ni ya kwenu Ifakara. Sisi huku maji yanapita tu, hayalali."

Niliuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, nikaunusa. Ulinukia sabuni. Nikafunua chini ya miguu ya shemeji.

"Kapeti jipya," nikasema.

"Nisamehe," mwalimu akajibu. "Ningejua, ningewatandikia mkeka."

Simu yake ikalia. Kulikuwa na mnunuzi mwingine, naye alikuwa ameshapita Kiberege. Shemeji akatoa kichwa dirishani.

"Mume mdogo, tumalize," akasema. Ndivyo alivyokuwa akinitania zamani, na hakuwa ameniita hivyo tangu msiba. "Mpunga hautanisubiri. Lile la kaka yako nalo ulilikagua mpaka kapeti?"

Alikuwa anatania. Ningeweza kucheka, na safari ingeisha vizuri.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sikulikagua. Nilihesabu stika tu. Kioo kilikuwa cha gari lingine."

Nikatoa ile stika kwenye pochi, nikaiweka kwenye kiganja chake. Namba ya gari la mumewe aliijua kwa kichwa. Aliisogeza kwenye mwanga, akaisoma, akaisoma tena. Mwalimu akaweka faili juu ya kiti chake pale uwanjani, akasema anakwenda kuangalia chai.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile, pale Sanje."

"Ukakaa matanga yote."

"Nilikaa."

"Ukala."

"Nilikula."

Hakulia wala hakupaza sauti. Alishuka, akachukua faili, akakaa kwenye kiti cha mwalimu.

"Nenda mbele," akasema. "Soma."

Nilisimama mbele ya pikapu nikasoma kibao, herufi moja moja, tarakimu moja moja, naye akafuata kwa kidole kwenye karatasi. "Ndiyo," akasema. Akafunua nyingine. "Soma." Tukaenda hivyo karatasi hadi karatasi, mpaka pale kwenye mwaka usiokuwepo. Hapo akalifunga faili. Mwalimu alikuwa amerudi na chai.

"Mwalimu, karatasi ya mwaka ule ikipatikana nitarudi."

"Mama, mwenzenu yuko njiani."

"Aje."

Mwenzetu alikuja. Tulikuwa bado tunasubiri basi barabarani pikapu ilipotupita, mtu mwingine akiwa kwenye usukani. Kwenye tuta ilipunguza mwendo, taa nyekundu zikawaka zote mbili, ikapanda na kushuka taratibu. Huenda lilikuwa gari zuri. Sijui. Shemeji aliitazama mpaka ikapotea. Kwenye basi alikaa kiti cha mbali na mimi, na ile stika hakunirudishia.

Mpunga wake aliusafirisha kwa gari la kukodi. Nilikwenda kupakia magunia, akanipa maji ya kunywa kama anavyompa mpakiaji yeyote.

Wiki iliyopita simu yangu ililia kwa ujumbe wa shemeji. Alikuwa Mlimba, kuna gari linauzwa huko. Alinitumia picha mbili, moja ya kibao cha namba, nyingine ya kioo cha mbele, imepigwa karibu kabisa. Hakunisalimu wala hakuniita mume mdogo. Aliandika neno moja tu: "Soma."

Nilitoka nje kwenye mwanga, nikaikuza picha, nikaanza na stika ya kwanza.