Leka

Winifrida alipewa mwenzake kabla hajapewa raketi. Alikuwa darasa la sita, Sumbawanga mjini, siku Sista Bertilla alipowapanga wasichana wanane katika ukumbi wa parokia. Aliwapima kwa macho kama mtu anayetafuta jozi ya viatu, kisha akamsukuma Winifrida kando ya msichana mfupi aliyevaa sweta la kaka yake.

"Wewe mrefu utakaa nyuma. Wewe Silvana utakaa mbele, karibu na wavu. Kuanzia leo mmoja wenu akichelewa, mmechelewa wote."

Mpira wa vinyoya Sista alifundishwa na watawa wa Kizungu akiwa mnovisi. Alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliirudia kila siku kama sala: anayekaa mbele hageuki nyuma. Kinyoya kikishakupita si chako tena, msikilize mwenzako. Ukigeuka utakipokea kwa uso.

Basi Silvana hakugeuka. Winifrida ndiye aliyekuwa macho yake ya nyuma. Kinyoya kikiwapita wote wawili kinaelekea nje, Winifrida aliita neno moja la Kifipa: leka. Yaani acha. Hapo Silvana alishusha mikono, na kazi ilikuwa imekwisha. Na huku juu Ufipa hewa ni nyepesi, kinyoya huenda mbali kuliko mpigaji alivyokusudia. Nusu ya ushindi wao ilitokana na kuacha.

Walipofika miaka kumi na tisa walichukuliwa timu ya taifa. Wiki ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa ya aibu tupu. Hewa ya pwani ni nzito, kinyoya hukaribia mstari kikachoka. Winifrida anaita leka, kinaangukia ndani. Kocha Clemens alikaa chini akashika kichwa.

"Nyie Wafipa mnaacha kila kitu. Mkiolewa mtaacha na waume?"

"Wakitoka nje ya mstari, tunaacha," Silvana akajibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wakazoea. Walicheza Kampala, Lusaka, Lagos, wakaenda hadi Mauritius. Neno lao hawakulibadilisha, kwa sababu wapinzani walikuwa hawalijui, hata Clemens alikuwa halijui. Katika kumbi zile zote, penye watu mia na lugha kumi, kulikuwa na wawili tu waliolielewa.

Mwaka 2017 walikwenda Maputo. Kambi ya Dar haikufanyika, kwa hiyo walikuwa wamefanya mazoezi miezi miwili nyumbani, kwenye ukumbi wa Sista, na walitua Maputo, kwenye hewa ya pwani tena, siku mbili tu kabla ya mechi. Nusu fainali ilifika seti ya tatu, wako ishirini kwa ishirini. Mpinzani akakiinua kinyoya juu sana. Winifrida alirudi nyuma mbio, akakitazama, na alikitazama kwa macho ya Sumbawanga.

"Leka," akasema.

Mbele yake mabega ya Silvana yalilegea. Alishusha raketi, akageuka kuona kinyoya kinavyoanguka, kama mtu yeyote ageukavyo kazi ikiisha. Wakati huohuo Winifrida aliona kinyoya kimesita angani, kinashuka, kinakuja ndani. Akapiga kwa nguvu zake zote.

Kilimpata Silvana kwenye jicho la kushoto.

Pembeni ya uwanja, wakati madaktari wameinama juu ya Silvana, Clemens alikuwa analia. "Aligeuka," alimwambia kila aliyeuliza. "Wa mbele hageuki. Mtoto wa shule analijua hilo." Winifrida alisimama karibu naye ameshika taulo lenye barafu. Sentensi aliyotakiwa kuisema ilikuwa fupi. Alidhani ataisema hotelini. Hotelini alidhani ataisema nyumbani.

Aliporudi kambini alipewa mwenzake mpya, Monika, msichana wa Arusha. Wakacheza pamoja miaka mitano. Winifrida hakuita tena neno lolote, si kwa Kifipa wala kwa Kiswahili, na Monika alikuwa akimwambia mbele za watu, "Wini, sema basi, au nacheza na mlingoti?" Hawakuwahi kuvuka robo fainali. Kisha goti la kulia la Winifrida likagoma.

Silvana alirudi kijijini Mwazye kwa kaka yake, kwenye mahindi na ulezi. Mwaka wa kwanza aliomba kufundisha wasichana wa parokia. Kamati ya wazazi ikakataa: aliyesahau sheria ya kwanza atawafundisha nini watoto wetu? Sista hakubishana nao. Alimpigia Winifrida simu.

"Nimemuuliza tena kwa nini aligeuka. Anasema alisahau. Miaka yote ile, Winifrida, asahau?"

"Ndiyo, Sista," Winifrida alijibu. Maneno hayo mawili tu.

Kisha likaja lile ambalo daktari alikuwa ameonya tangu mwanzo. Macho ni wenzi, alisema, moja likiumia vibaya la pili huweza kulifuata. Jicho la kulia la Silvana lilifuata polepole, hata ikafika asubuhi moja akauliza kama jua limechomoza.

Sista Bertilla alifariki mwezi wa sita, kipindi cha baridi na upepo. Winifrida alifika kanisani mapema. Silvana alikuwa amekaa kwenye benchi la wanawake na wifi yake Agnesi, ameuelekeza uso pembeni kidogo, anasikiliza.

"Silva, ni mimi."

"Najua. Unaburuza mguu. Goti?"

"Goti."

"Pole." Silvana alisogea, akampa nafasi ya kukaa. "Sista alikuja Mwazye baada ya Pasaka. Amechoka, anakohoa. Akaniuliza tena."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisahau. Nimwambie nini kingine?"

"Ungemwambia kweli."

"Lile neno lilikuwa lako, Wini. Nilikuachia wewe." Aliisema bila hasira, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. "Nilijua utakuja. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa natazama njia. Baadaye nikawa naisikiliza tu."

Baada ya misa, kabla jeneza halijainuliwa, katekista Kasmir alishika kipaza sauti. "Marehemu ametulelea wengi. Hapa tunaye mchezaji wetu wa kimataifa. Karibu dada, utoe salamu."

Winifrida alikuwa ameandika salamu kwenye simu. Hakuitoa mfukoni. Alisimama kando ya jeneza, akaona benchi zimejaa watu wa Sumbawanga na wa vijijini, kina mama waliomjua tangu darasa la sita.

"Kule Maputo, Silvana hakusahau," alisema. "Mimi nilisema leka. Halafu nikapiga."

Kule Maputo neno lile halikumwambia mtu mwingine kitu. Hapa hapakuwa na haja ya kutafsiri. Bibi mmoja wa benchi la mbele alilirudia kwa sauti ya chini, leka, na aliyekaa nyuma yake akalirudia, likaenda benchi hadi benchi mpaka mlangoni, walikosimama wazazi wa ile kamati. Kasmir aliendelea kunyoosha mkono apokee kipaza sauti, akausahau hewani. Na mtu pekee aliyekuwa ameuliza swali kwa miaka minane alikuwa ndani ya mbao, hasikii.

Silvana aliinuka.

"Nikupeleke kwa Winifrida?" Agnesi aliuliza.

"Hapana. Nipeleke kwa Sista."

Alipapasa hadi akaupata mfuniko wa jeneza, akaweka kiganja. Akainama, akasema kitu kwa Kifipa, muda mrefu kidogo kuliko sala. Winifrida alikuwa amesimama nyuma yake, mahali pake pa siku zote, na hakusikia hata neno moja.

"Silva," aliita.

Silvana alishika mkono wa wifi yake, akatoka nje kwenye upepo. Hakugeuka.