Jiwe la Alwyn

Mavis Huckerby alipikia watoto wa shule ya kijiji chetu, Nether Coldham, mpaka alipostaafu. Maisha yake yote hakuwahi kumpita mtu kwenye foleni. Watu wa kwetu tuna ugonjwa huo wa adabu, lakini Mavis alituzidi wote.

Oktoba moja alipeleka maua kwenye kaburi la mwanawe wa pekee, Alwyn, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki angali kijana. Kufika, akakuta jiwe la kaburi limelala. Halmashauri ya wilaya ilikuwa imetuma watu wayasukume mawe yote ya makaburini, na lililotikisika wakalilaza, eti lisije likamwangukia mtu. La Alwyn walililaza kifudifudi, jina likafukiwa topeni.

"Wamemtupa uso chini kama mlevi!" Mavis alimwambia jirani yake Desmond Pask, mfuga ng'ombe.

"Nakuja na trekta sasa hivi. Nusu saa tu tutakuwa tumelisimamisha."

"Ah, Des, wamekataza lisiguswe. Tufuate utaratibu."

Utaratibu! Laiti angejua. Alipanda basi mpaka ofisi za wilaya, karani akamwambia, "Pole, mama, jiwe lako liko kwenye foleni, fundi atakuja." Akashukuru. Novemba akarudi, jibu lile lile, akashukuru tena. Krismasi fundi alikuwa likizo. Januari, ardhi ilikuwa imeganda. Diwani wetu, Bwana Fairclough, alikaa sebuleni kwa Mavis, akanywa chai, akala vipande viwili vya keki ya matunda na cha tatu akakifunga kwenye karatasi.

"Tuachie sisi, Bi Mavis," alisema akijipangusa makombo. "Ni mambo ya usalama tu."

"Usalama wa nani?" Desmond alimuuliza Mavis baadaye. "Wafu watavunjika miguu?"

Mavis alicheka kidogo, halafu akalia. Lakini bado alisubiri. Subira huvuta heri, alijiambia, na mvua ikanyesha, baridi ikakaza, na lile jiwe la mchanga likalala pale pale majira yote ya baridi.

Machi wakaja watu wa halmashauri kukata majani. Mavis alikuta alama za matairi mgongoni mwa jiwe. Walikuwa wamelipanda kwa mashine yao wakaenda zao! Alivuka barabara mbio, akaugonga mlango wa Desmond kwa ngumi.

"Leta trekta. Atakayesema neno nitamla nyama."

Walilifunga mikanda, trekta likavuta taratibu, jiwe likainuka. Mavis akainama na kitambaa alifute tope. Tope likatoka, na ngozi ya jiwe ikatoka nalo. Maji na barafu vilikuwa vimeila ile sura iliyolala chini. Herufi zilibanduka vipande vipande, zikabaki majanini, zikivunjika kila alipojaribu kuziokota. Desmond alizima injini akashuka.

Fairclough alifika akihema, maana kijijini habari hazichelewi.

"Jamani, Bi Mavis! Si mngesubiri kidogo? Fundi anakuja Jumatatu!"

Mavis alisimama, magoti yake yote matope. Alimshika diwani mkono wa koti akamvuta mpaka mbele ya jiwe.

"Soma," alisema.

"Bi Mavis, tafadhali..."

"Nisomee jina la mwanangu!" Sauti ilifika mpaka kwenye baa ya kijiji, watu waliokuwa ndani waliisikia wakatoka. "Soma, bwana mkubwa! Umetaka niwaachie, nimewaachia. Soma basi!"

Fairclough alilitazama jiwe. Lilikuwa jeupe, tupu.

"Miezi yote hii nilikuwa nawashukuru," Mavis alisema. "Mungu wangu, nilikuwa nawashukuru!"